Makaburi Matatu ya Makokha

Makokha alizaliwa Sirisia, akaja Kitale na mashine moja ya kusaga mahindi, na kufikia mwaka wa 2008 poshomili yake pembezoni mwa mji ilikuwa ikisaga unga mchana na umbea kutwa nzima. Alikuwa mtu wa kujua jambo kabla halijasemwa. Kwa hivyo alipoitwa kwenye mkutano wa mpango wa mji, alisikiliza nusu, nusu nyingine akajijazia mwenyewe.

Aliyeeleza alikuwa Arafa, afisa wa mipango, binti wa hapohapo karibu na msikiti. Alitundika ramani ukutani akasema kwa nini mji hupangwa miaka mingi mbele: watu wanaongezeka, na kila mmoja akijenga pale punda wake alipochokea, siku moja gari la zimamoto litakwama njiani likitazama nyumba ikiteketea. Shule, mabomba ya maji, soko, hata mahali pa kuzikana, nafasi ihifadhiwe sasa kabla haijajengwa vibanda. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Cha Makokha hakikutikisika. Alikuwa ameona mstari mwekundu wa barabara mpya ukipita kwake, na machoni mwake poshomili ilikuwa imeshabomolewa.

Kabla hajafika nyumbani alikuwa amepata dawa. Kwao Wabukusu, nyumba utahamisha, boma la ng'ombe utahamisha, lakini kaburi nani ataligusa? Na mtu akipotelea mbali, mwili usipatikane, unaweza kuzika mgomba badala yake. Hakuna aliyekuwa amepotea kwao, lakini hilo aliliona ni jambo dogo.

Mkewe Wilkista alirudi kutoka sokoni akakuta makaburi matatu mbele ya mashine, sementi mbichi, misalaba imenyooka kuliko ya kanisani.

"Baba Emmy, umezika nani?"

"Migomba."

"Yote ni jamaa zetu?"

"Wewe lia tu wageni wakija. Mengine niachie."

Arafa alipokuja kukagua, Wilkista akalia vizuri sana, mpaka Makokha mwenyewe akahisi uchungu kidogo. Arafa akatoa pole, akainamisha kichwa, akaondoka. Jioni jogoo mmoja akapoteza maisha kwa sherehe.

Kwenye mkutano wa pili, mstari mwekundu ulikuwa umekwepa kwa Makokha ukapitia malisho ya nyuma. Alikuwa karibu kupiga makofi alipoona kwenye ramani shamba lake lote limepakwa rangi ya kijivu.

"Tulikuwa tumekosa mahali pa kuzikia watu wa mji," Arafa akaeleza. "Kwa Mzee Makokha tayari wamezikwa watu, na familia imeshazoea."

Jirani yake Mathenge akamwinamia. "Afadhali barabara, bana. Magari yanapita. Hawa wakija wanakaa."

Makokha akasimama. "Madam, pale hakuna maiti. Ni ndizi."

"Mzee, juzi mama alikuwa analilia ndizi?"

Ukumbi mzima ukahamia kwa Makokha kushuhudia. Kwa haraka yake alikuwa ameing'oa migomba na mizizi yake, sementi akaibania, na mvua haikuwa imelala. Chini ya msalaba wa katikati chipukizi la kijani lilikuwa limepasua kaburi, limesimama wima.

Mathenge akavua kofia. "Marehemu amefufuka."

Arafa alicheka mpaka akashika ukuta wa poshomili. Alipopata pumzi, akamwonyesha Makokha njia ya barabara kwa kidole: ingechukua uwanja wa mbele tu, hapo penye makaburi. Mashine haikuguswa tangu mwanzo. Alichotakiwa ni kutojenga hapo mbele.

"Mkutano ulikuwa wa kuulizana, mzee. Si ungeuliza tu?"

Mstari ukarudi mahali pake. Makokha akavunja sementi na kuuacha uwanja wazi, isipokuwa migomba, ambayo Arafa alisema itakatwa barabara ikifika. Zamu ya barabara hiyo bado iko mbele. Kwa sasa migomba inazaa, na Wilkista anawauzia ndizi wanaongoja unga.

"Kuleni polepole," huwaambia. "Huyo ni babu yetu."