Maji Moto na Kidole cha Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Sista Elfrida alinipa beseni, kipande cha sabuni na kitambaa, akaniambia nikawaoshe wagonjwa mikono. Nilidhani ananidharau kwa sababu nilikomea darasa la pili. Mikono ya watu nimeiosha tangu utotoni, wageni wa baba walipokuja kula.

"Mikono tu, Sista?"

"Mikono tu, Salome. Mtu wa milima hii hakuambii anaumwa nini mpaka siku ya tatu. Mikono yake itakuambia leo."

Sista Elfrida ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi wa hospitali yetu ya misheni. Mzungu mfupi, Kiswahili chake alikijifunzia Mlalo, na alikitamka Kishambaa hasa, hata wagonjwa wa Tanga mjini wakawa wanamwuliza ni wa ukoo gani. Alinifundisha kutazama kucha, maungio na viganja kabla sijatazama uso. Mkono wa mchuma chai nikaujua, na wa mpasua mbao, na wa mwalimu. Ninyi wajukuu zangu mnaosomea uuguzi leo mna vitabu vinene. Mimi kitabu changu kilikuwa beseni, na namshukuru aliyenifungulia.

Sasa kosa langu nalo lilianzia kwenye beseni hilo hilo. Hospitali ilikaa kwenye mgongo wa mlima, upepo wa Shume unakuja moja kwa moja, na mwezi wa saba maji ya tangi yanauma kama meno. Kwetu humpi mgeni maji baridi ya kunawa asubuhi. Ukimpa, hasemi kitu, ila akifika kwao atasema mama yako hakukulea. Basi kila asubuhi nilikuwa nachota jagi moja la maji moto kwenye boila ya chumba cha upasuaji, ile iliyochemshia visu na mikasi, nikalificha chini ya kanga. Sista alikwisha kutukataza: maji yale ni ya visu, si ya watu. Niliiba hivyo miaka mingi. Wagonjwa waliniombea dua, nami nikajiona mwema.

Baadaye nilihamishiwa wodi ya wanaume, kisha ya wanawake, na miaka ya Ujamaa ilipoanza nikawa nasaidia pia chumba cha upasuaji. Hapo ndipo alipofika Daktari Eliasi, kijana wetu aliyesomea nje akarudi. Alikuwa anapenda mikono kuliko kitu chochote. Wenzake wanatafuta matumbo, yeye anatafuta vidole.

"Mama Nuru," aliniambia, maana mwanangu wa kwanza ni Nuru, "si kila uvimbe ni saratani. Mwingine ni mgeni asiye na ubaya, ila amekaa pabaya."

Nikawaona wageni hao kwa macho yangu. Mzee Abedi, mpasua mbao wa Shume, alikuwa na donge gumu kidoleni, halimwumi, ila mpini wa msumeno haukai tena mkononi. Ulikuwa uvimbe wa ala ya kano, yaani ule mfuko ambamo kano la kukunjia kidole hupita. Ulipotolewa ulikuwa na rangi ya njano na kahawia kama boga lililoiva. Mwalimu Paulina yeye alivunjika kidole kwa kufungua bomba tu. Picha ya eksirei ikaonyesha ndani ya mfupa mmejaa gegedu, ule mfupa laini kama wa sikio, na ukuta wa mfupa umebaki mwembamba kama ganda la yai. Daktari akaukwangua, akajaza vipande vidogo vya mfupa alivyovitoa nyongani kwake mwenyewe yule mwalimu. Wote wawili walipona.

Lakini niliyetaka kuwasimulia ni Mwanahawa.

Mwanahawa alikuwa mfinyanzi, mke wa mtu wa upande wa Mlola. Aliletwa na shemeji yake, Seifu, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi na msimamizi wa shamba la kijiji. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima kwa macho, hauna donge wala jeraha. Alisema kidole cha kati kinamwuma mpaka begani, mwaka wa nne sasa. Udongo wa kufinyanga ameacha kuugusa. Kwenye shamba la kijiji asubuhi, umande ukimgusa, anatupa jembe na kukaa chini akilia.

Balozi Seifu hakungoja hata tumalize salamu. Akamgeukia Daktari.

"Mgosi, bwana wangu, kidole cha shemeji yangu kina saa. Jembe likitoka kinaumwa, ugali ukiiva kinapona. Kijiji kizima kinamjua. Mpe dawa ya uvivu turudi."

Mwanahawa alinitazama mimi, akasema polepole, "Dada, mwambie akikate. Wakikiona hakipo wataamini."

Daktari alimpima Jumatatu, na Jumanne tena. Alibinya nyama ya kidole, akakunja maungio, akapiga picha. Hakuona kitu. Mwanahawa alisema bila kuficha, "Sasa hivi hakiumi sana, Daktari." Balozi akacheka puani. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakaanza kumwita Bibi Saa. Jumanne jioni Daktari alikubali. Mwanamke ameomba mara tatu, hali chakula, na Balozi anataka kumrudisha shambani. Alhamisi angemkata pingili ya juu.

Jumatano kuni zililowa, boila haikuwashwa. Nilipita na beseni la maji ya tangi, naona aibu, nawaomba radhi wagonjwa mmoja mmoja.

"Onga makeo, Mwanahawa," nilimwamkia. "Leo maji ni baridi, unisamehe."

Akatumbukiza mkono. Nimesikia wanawake wakizaa, nimesikia mifupa ikinyooshwa, lakini ukelele ule bado ninao. Aliuchomoa mkono akakibana kidole kimoja tu, jasho likamtoka usoni asubuhi ile ya baridi. Nikakifunga kidole kwenye kanga, nikakiweka kwapani mwangu kama kifaranga. Kikatulia taratibu. Ndipo nikaelewa. Kila siku kabla Daktari hajampima, mimi nilikuwa nimekwisha kuutuliza ugonjwa kwa maji yangu ya wizi. Yeye alikuwa anautafuta mahali nilipoulaza usingizi.

Nilijua nikisema, Sista atanifukuza, na nina watoto wanne. Nisiposema, kidole kinakatwa kesho. Nilikwenda ofisini kwa Daktari. Sista Elfrida alikuwepo pia, anaandika.

"Shikamoo, Sista. Daktari, huyu mama si mwongo. Mwongo ni mimi." Nikaeleza yote, jagi, kanga na miaka.

Kalamu ya Sista ikasimama. Daktari yeye aliinuka mpaka kiti kikaanguka.

"Maji baridi, kidole kimoja tu? Njoo na beseni, Mama Nuru. Na pini."

Wodini aliitazama kucha ya Mwanahawa dirishani, na kweli, chini yake palikuwa na kidoa cha rangi ya samawati, kidogo mno, ungesema kivuli. Akaigusa kucha kwa kichwa cha pini, si ncha. Hapa haiumi, hapa haiumi, hapa Mwanahawa akaruka. Upana wa punje tu. Kisha akamwinua mkono juu damu ishuke, akamfunga ule mpira wa kupimia presha, akaujaza upepo mpaka damu isipite, akagusa palepale. Mwanahawa akamtazama kwa mshangao.

"Hakuna kitu, Daktari. Maumivu yamekwenda wapi?"

Alipolegeza mpira, damu ikarudi, na maumivu nayo.

Daktari akanieleza hapo hapo, kama ninavyowaeleza ninyi. Katika ncha za vidole kuna vifundo vidogo vya mishipa ya damu, kazi yake ni kusawazisha joto na baridi. Mara chache sana kimoja huota kupita kiasi kikawa kiuvimbe. Si saratani, hakisambai, lakini kimejaa neva, na baridi inakiamsha. "Nimekisoma tu," alisema. "Sijawahi kukiona."

Alhamisi ilipofika hakukata pingili. Alichoma ganzi shina la kidole, akafunga kipira kuzuia damu, akainua kucha kama mtu anayefunua mfuniko asimwage, akapasua kitanda cha kucha kidogo. Kikatoka kizima, chekundu chenye weusi, sawa na punje ya mtama. Akashona kwa uzi mwembamba kama unywele, akairudisha kucha mahali pake iwe kifuniko. Kiuvimbe kilitiwa kwenye chupa ya dawa kipelekwe Dar es Salaam kupimwa, na jibu lilipokuja lilikuwa lile lile: si saratani.

Kabla chupa haijaondoka, Daktari alimwita Balozi Seifu.

"Balozi, ile saa uliyosema, tumeitoa. Hii hapa."

Balozi akaigeuza chupa kwenye mwanga. "Hiki? Hiki ndicho kilichomtupisha jembe?"

"Hata wewe ungelitupa."

Balozi akairudisha chupa mezani kwa mikono miwili. Siku ya kurudi kwao aliuchukua mzigo wa Mwanahawa, akajitwika kichwani mwenyewe, mwanamume mzima na ubalozi wake, wakashuka kilima yeye nyuma na shemeji mbele. Wodi nzima ilitoka nje kutazama. Hakuna aliyesema Bibi Saa.

Mimi niliitwa ofisini kesho yake, na kanga zangu nilikwisha kuzikunja. Sista alinionyesha jiko la mkaa sakafuni.

"Maji ya visu ni ya visu. Ya watu utachemsha hapa, wazi. Ila kwanza umwulize mtu: baridi inakufanya nini?"

Nimeuliza swali hilo mpaka nilipostaafu. Katika miaka yote hiyo lilinipatia vidole viwili vingine vya namna hiyo, na kimojawapo tayari kilikuwa kimepangiwa kukatwa. Namshukuru Sista Elfrida hakunifukuza, na Daktari Eliasi alimsikiliza mwosha mikono wa darasa la pili. Wote wamekwisha kutangulia. Mungu awaweke pema.

Mavuno yaliyofuata Mwanahawa alikuja kwa miguu toka Mlola na chungu kichwani. "Dada, hiki ni cha maji yako." Ninacho mpaka leo, kimeungua weusi. Wafinyanzi wa kwetu hupamba mdomo wa chungu kwa kubonyeza kucha udongo ukiwa mbichi. Cha kwangu kina alama hizo kuzunguka mdomo wote, na kila moja imepinda kidogo upande mmoja, maana kucha yake iliota hivyo. Asubuhi kukiwa na baridi nikichemsha maji ya kunawa, huwa nazipitishia kidole.