Kadi Inayotazama Ukuta

Kwa cucu, bibi yangu mzaa mama, karibu na Karurumo, kuna kadi ya Krismasi iliyotundikwa kinyume.

Uso umeangalia ukuta. Mgongo umeangalia wageni.

Niliporudi likizo kutoka bweni, na elimu yangu yote ya kidato cha pili, niliona ni wajibu wangu kwa taifa kurekebisha kosa hilo. Nikaigeuza.

Cucu hakunipiga. Heri angenipiga. Aliitazama kadi, akaketi bila kuangalia kama nyuma yake kuna kiti.

Bahati nzuri kilikuwepo.

Ndipo akanisimulia. Nami nawasimulia kama nilivyoambiwa, wala siongezi chumvi. Hii ilikuja na chumvi yake.

*

Wakati wa Emajensi, ile miaka ya hali ya hatari ya mkoloni, cucu alikuwa Wawira tu, msichana wa shule ya bweni ya misheni, na mdomo wake ulikuwa unafika darasani kabla yake.

Mwalimu Ednah alikuwa akiwafundisha wasichana kutengeneza kadi za Krismasi kwa mkono.

Kwanza ilikuwa kazi ya mandhari. Unamwaga maji na wino wa dawati kwenye sinia la bati, unadondoshea chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nzito. Kisha unalaza karatasi juu yake polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Ukiinua, mawingu yameshika karatasini, ya buluu na ya rangi ya asali, wala hayafanani na ya mwenzako.

Halafu muhuri. Kiazi kitamu, wembe, na subira. Wino wa muhuri ulikuwa masizi ya sufuria yaliyosagwa kwa tone la mafuta ya mbarika.

Rafiki yake Alice alichonga neno AMANI kwa mwandiko safi kabisa. Akagandamiza. Akainua.

Kadi ikasema INAMA.

Wee! Muhula mzima Alice hakupata raha. Akiingia bwenini, Wawira anapaza sauti ya askari: "Inama!" Na wasichana wote wanainama, vitanda vyote, kama wanasali.

"Wawira, Mungu anakuona," Alice alikuwa akilalamika.

"Ananiona nimeinama."

Mwalimu Ednah alicheka pia, akiwa amegeukia ubao. Kisha akawaandikia sheria: "Muhuri ni kioo. Geuza kabla hujachonga."

Wawira aliishika sheria hiyo kuliko Amri Kumi. Aliyecheka mwenzake hawezi kujiruhusu kosa lilelile.

*

Lakini nyumbani hapakuwa na kicheko.

Baba yake, Rwamba, mfuga nyuki, alikuwa amechukuliwa kwenye msako na kupelekwa kambi ya kizuizini. Boma lao mlimani lilichomwa. Watu wote wa mlima ule walihamishiwa kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Kutoka kuchota maji ni kwa ruhusa. Kurudi ni kwa filimbi.

Mama yake, Karambu, aliokoa chungu kimoja na chuma kimoja.

Kile chuma kilikuwa cha Rwamba cha kupigia chapa mizinga. Kila mfuga nyuki alikuwa na alama yake. Unakipasha moto, unaunguza alama kwenye mti wa mzinga, na mwizi akiiona anajua anamwibia nani.

Alama ya Rwamba ilikuwa tawi lililosimama, na vijitawi viwili vyote vimetoka upande mmoja.

Wawira hakuwahi kuiona kwenye mzinga. Msichana hakukaribia mizinga. Walisema nyuki wakinusa mkono wa kike wanahama. Alichokijua yeye ni kile chuma, kilichoning'inia jikoni tangu azaliwe, kikimwangalia kwa ncha yake.

Likizo hiyo, baba mdogo wake Mbogo, ndugu wa Rwamba, alikuja kibandani. Alikuwa amejiunga na walinzi wa serikali na alivaa kofia mpaka ndani ya nyumba.

"Mke wa kaka, utakaa hivi mpaka lini?"

"Mpaka mwenye nyumba arudi."

"Waliopelekwa kule hawarudi. Ukiwa chini yangu utapewa unga. Nikitaka, kesho napanda miti nageuza chapa."

Karambu aliendelea kumenya ndizi.

"Geuza," alisema. "Geuza chapa ya mtu aliye hai uone kama nyuki hawatakula hayo macho. Ama nionyeshe kaburi lake, nitakupikia uji mimi mwenyewe."

Mbogo aliondoka. Kofia ikagonga mlango.

"Mama, kugeuza chapa ni nini?"

"Mambo ya wanaume. Mtu akifa, anayerithi mizinga yake huigeuza ile alama. Na anayerithi mizinga ndiye anayerithi na nyumba." Alifuta mikono. "Huko waliko wanaambiwa wake zao wamechukuliwa. Wanaambiwa kila asubuhi, ili roho zivunjike. Wewe si unajua kuandika? Mwambie baba yako hakuna aliyegusa mizinga yake. Mwambie namngoja."

"Baba hajui kusoma, Mama. Atasomewa na karani wa kambi. Na wakaguzi watakata maneno yote."

Angeandikiwaje mtu ambaye macho yake hayajui herufi, na masikio yake yamekodiwa na adui?

Wawira akatazama juu. Chuma kilikuwa kimening'inia pale pale.

Siku hiyo ndiyo aliyojiona mwerevu kuliko siku zote za maisha yake.

*

Kadi haina maneno, nani ataikata? Na tawi ni tawi. Mkaguzi ataona pambo la Krismasi. Rwamba ataona alama yake, imetoka nyumbani, imeletwa na mtoto wake. Ataelewa: mizinga ni yako bado. Nyumba ni yako bado.

Alichora ncha ya chuma kwenye kiganja, vile vile alivyoiona. Vijitawi viwili, vyote kushoto.

Shuleni alichagua karatasi bora na kuipigia mandhari mara nyingi, mpaka akapata mawingu ya asali tupu, bila buluu. Akachukua kiazi. Akatazama kiganja.

Vijitawi kushoto. Lakini muhuri ni kioo. Geuza kabla hujachonga.

Akavichonga kulia.

Akagandamiza, akainua. Na pale kwenye mawingu ya asali likatokea tawi jeusi, vijitawi viwili kushoto, sawasawa na ncha ya chuma cha baba yake.

"Hata Mwalimu hawezi hivi," alimwambia Alice.

"Haya, malkia wa viazi. Tusaidie kuosha sinia."

Mwalimu Ednah alimkabidhi kadi padri aliyetembelea kambi. Baadaye padri alileta jibu: amempa Rwamba mkononi. Alisema nini? Aliishika kwa mikono miwili, akauliza kama ni kweli imetoka kwa binti yake. Akaambiwa ni kweli.

Karambu aliposikia hivyo alilia kwa furaha, akampikia Wawira njahi, yale maharagwe meusi aliyokuwa ameyaweka ya mbegu.

*

Waliofunguliwa wakaanza kurudi kwa malori. Mmoja leo, mwingine mwezi ujao.

Rwamba hakurudi.

Serikali ikasema aliachiliwa zamani. Ameenda wapi? Serikali haikujua.

Mbogo akasema, "Sasa je?"

Karambu akasema, "Kaburi."

*

Emajensi ilipokuwa inaelekea ukingoni, Wawira alipata pasi ya kusafiri kwenda Meru kusomea ualimu.

Jumamosi moja alitumwa mjini kununua nyama ya chuo. Aliingia kwenye bucha ya mzee mmoja Mwislamu, Idrisi, mtu wa kanzu na aproni, mcheshi.

"Karibu, mwalimu. Nikukatie ya mifupa ama ya kujivunia?"

Wawira alikuwa na jibu la kumchekesha. Kisha akainua macho.

Juu ya mizani, kati ya kulabu mbili, ilikuwa imepigiliwa kadi. Imelowa mafuta, imeshika moshi. Mawingu ya asali. Tawi jeusi.

"Hiyo mmeipata wapi?"

Idrisi aliweka kisu chini.

"Hiyo ni ya mzee wangu mmoja, Mungu amrehemu. Tulimwita Marehemu. Usishangae, alijiita hivyo mwenyewe, na alikuwa anatembea. Nilimkuta stendi ameshuka kwenye lori la wafungwa, hana mzigo, ana hiyo tu. Nikamwambia, baba, kwenu wapi? Akaniambia lori lilisimama kwao Karurumo, karani akaita jina lake, naye akakataa kushuka."

"Kwa nini alikataa?"

"Alitazama mlimani kwake akaona majani matupu, hakuna nyumba. Akasema basi ni kweli. Akamwambia karani, mimi si wa hapa."

Wawira alishika meza ya nyama.

"Ni kweli nini?"

"Kwamba amehesabiwa maiti. Hiyo picha ni chapa yake, binti. Lakini imegeuzwa." Idrisi alichovya kidole kwenye maji ya nyama, akachora mezani tawi lililosimama, na vijitawi viwili, vyote kulia. "Yake ilikuwa hivi. Ikiangalia huku kushoto, basi mwenyewe amekufa, ndugu amerithi mizinga na mke. Ndivyo alivyonieleza."

Wawira alitazama lile tawi la mezani.

Akakiona chuma jikoni. Akakiona kiganja chake. Akakiona kiazi.

Chuma ni muhuri. Na muhuri ni kioo.

Chuma kilikuwa kimegeuzwa tayari, na aliyekigeuza ni mhunzi, kabla Wawira hajazaliwa. Angenakili tu alichokiona, kama mjinga, kama Alice, kadi ingetoka sawa. Yeye akageuza kilichogeuzwa.

"Alikaa hapa akinifugia nyuki," Idrisi aliendelea, kwa maana hakujua anazungumza na nani. "Asali safi, wallahi. Lakini mizinga yake hakuitia alama. Nikimuuliza, anasema: maiti hana chapa. Mke nilimtafutia, akakataa. Mvua za juzi zikamchukua na kifua chake. Tukamzika sisi. Hakuwa wa dini yetu, lakini alikuwa wetu."

"Hakuikasirikia?" Wawira aliuliza. "Hiyo kadi."

"Aikasirikie?" Idrisi alishangaa. "Aliipenda kuliko pumzi. Alikuwa akisema: kambini kila mtu alinidanganya, na wengine walinidanganya kwa huruma. Binti yangu peke yake ndiye aliyenipa heshima ya kuniambia ukweli."

Mzee akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza.

"Binti. Wewe ni nani?"

"Ndimi niliyeichonga," Wawira alisema.

Idrisi akafunga mlango wa bucha na wateja wakiwa nje. Akapanda kwenye kigoda, akang'oa misumari mmoja mmoja taratibu, asiichane.

*

Karambu alisikiliza yote akiwa mlangoni pa kibanda, mchana, jua likiwaka. Wawira alisema kila kitu: chuma, kiganja, kiazi. Alisema akiwa ameinama.

Mama hakupiga ukemi. Alinyoosha mkono apewe kadi. Hakuwahi kuiona. Aliishika kinyume, kwa kuwa hakuzoea vitu vya karatasi, mgongo wake ukimwangalia, akaiinua kwenye jua.

Mafuta ya bucha yalikuwa yamelainisha karatasi ile mpaka mwanga ulipita. Masizi yakaonekana upande wa pili.

"Mbona iko sawa?" Karambu alisema.

"Mama, hapana. Nimekwambia."

"Wawira, hii ndiyo iliyokuwa kwenye pipa la asali alilolipeleka kwa wazazi wangu aliponioa. Sijaisahau. Tazama."

Wawira alisimama nyuma ya mama yake na kutazama.

Tawi jeusi, katikati ya mawingu ya asali. Vijitawi viwili, vyote kulia.

Baba yake angeigeuza tu.

Miaka yote ile, kambini, kwenye lori, kwenye bucha. Angeiinua kwenye mwanga na kuigeuza, angeshuka Karurumo. Na pale lori liliposimama hapakuwa mbali na miti yake, na mizinga ilikuwa juu bado, chapa zikiangalia kulia, kwa sababu Mbogo, pamoja na kofia yake yote, aliwaogopa nyuki wa mtu aliye hai.

Karambu aliingia ndani. Akaitundika kadi ukutani, uso ndani, mgongo nje, mahali pa kile chuma.

"Sasa umefika," aliiambia. "Keti."

*

Tangu siku ile cucu Wawira alifundisha watoto wa watu maisha yake yote, na kila Disemba aliwafundisha mihuri ya viazi. Lakini hakuwahi tena kumcheka mtoto aliyechonga kinyume. Mimi nilipoigeuza kadi hiyo, nilimwua babu yake mama yangu kwa mara ya pili, na sikujua.

Nimeirudisha. Imeangalia ukuta.

Nawe unayesoma: habari ikikufikia siku moja ikuambie kwamba nyumbani hakuna anayekungoja, usiitundike haraka. Iinue kwenye jua kwanza. Igeuze.

Halafu shuka kwenye lori.