Ng'ombe wa Babu Ndani ya Kopo la Chai

Mpaka leo nikifungua kopo la chai, aibu hunipanda kabla maji hayajachemka. Msinicheke. Katika kopo kama hilo babu alituachia stempu zake, na karatasi zilikuwa zimeshika harufu ya majani ya chai hata ukizilamba, nami nilizilamba, ulipata ladha ya kikombe kilichopoa.

Zote zilikuwa na picha moja, ng'ombe mwekundu wa pembe ndefu, ila bei zilitofautiana. Babu alifia ukimbizini Tanzania. Sisi tuliporudi Burundi tulipata shamba Butihinda, huko Muyinga, na kila jirani aliyekaribishwa ndani alionyeshwa lile kopo. "Marehemu alikimbia na hizi mfukoni," baba alisema. Kwake ule ulikuwa ushahidi kwamba nasi ni watu wa hapa.

Ndugu yetu mmoja tu ndiye aliyebaki Burundi: baba mkubwa, kaka yake baba, kule Bugendana, upande wa Gitega. Babu alituambia miaka yote kwamba mtu huyo hajatutafuta hata kwa salamu. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," baba aliongezea, nasi watoto tukaitikia.

Basi baba alikwenda kumwona mara moja, nikafuatana naye. Baba mkubwa alitoa mtungi wa pombe ya ndizi, akamnyoshea mrija. Kwetu, watu wakinywa mtungi mmoja maana yake hawana neno baina yao. Baba aliukataa ule mrija mbele ya majirani wote. Mke wa baba mkubwa akaniletea mimi maji matamu ya ndizi, nami nikaficha mikono mgongoni. Kiu ilikuwa inaniua, lakini nilijiona shujaa.

Baadaye baba alitaka stempu ziwekwe kwenye fremu ya kioo. Tukaenda Gitega kwa Bwana Karim, Mwislamu wa asili ya Kihindi, ambaye baba yake aliwahi kuuza stempu na bahasha katika duka lilelile. Baba aliingia kwa sauti kubwa, wateja wakageuka. Bwana Karim alizimwaga stempu mezani, akaanza kuzipanga.

"Za mwanzo ziko wapi, mzee?"

"Zote ni za mwanzo. Marehemu alikimbia nazo."

"Mulikimbia lini?"

Baba akamwambia. Bwana Karim akatikisa kichwa.

"Non, mzee. Chapa ya kwanza karatasi iko nzito, rangi imeiva. Hizi ziko za nyuma, angalia, karatasi nyepesi, rangi imefifia. Na hii, bei ya zamani wameipiga mustari mweusi, wakaweka mupya. Mwaka ule mi nasikia mulikimbia, hizi zilikuwa bado. Na zote ziko na muhuri wa posta. Zilikuja na barua."

Miaka yote mimi nilidhani yule ng'ombe aliyefifia ni mgonjwa.

Nilimwona baba akihesabu moyoni ni nani angeweza kutuandikia, na jina lilikuwa moja tu. Alizirudisha stempu koponi moja moja, na wateja wale wakatazama pembeni kwa huruma. Niliona aibu kiasi cha kutamani wangetufukuza badala ya kutuhurumia.

Fremu hatukununua. Tulishika njia ya Bugendana, baba mbele. Baba mkubwa alikuwa uani akipukuchua maharage. Baba alifungua kopo, akamnyoshea kwa mikono miwili. Mzee alichukua stempu moja, akaiinua kwenye mwanga.

"Kumbe zilifika," alisema kwa Kirundi.

Siku hiyo pombe haikuwepo. Baba aliomba maji, wakanywa kwenye kibuyu kimoja. Mama mkubwa akaniletea kikombe kama vile sijawahi kumkatalia kitu, nami nikanywa nimeinamisha uso.

Nilidhani aibu ile ilikuwa yetu wawili, baba na mimi. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa ya babu. Barua hatukuiona hata moja. Lakini kila moja ilipofika, aliketi mahali, akalowesha bahasha, akambandua ng'ombe taratibu asichanike. Kisha akatumiminia chai, akatuambia tumesahauliwa.