Prof Magloire na Hesabu ya Kusimama

Watu wa Kasongo wakikuambia kwamba Magloire ana akili, waulize akili ya aina gani. Anafundisha hesabu kwenye sekondari, wanafunzi wanamwita Prof, na hawezi kununua fungu la nyanya bila kumweleza mama wa watu alipokosea bei. Mimi ndiye ninayempakia kwenye pikipiki yangu, na ni rafiki yake. Nampenda, lakini mara nyingi nimetamani kumshusha porini nikaenda zangu.

Ugonjwa wake ni poka. Aliisoma kwenye simu wakati walimu walipogoma, kisha akatuambukiza sisi wote. Jumapili baada ya misa tunacheza kwa Assumani, fundi wa pikipiki, juu ya meza iliyojaa grisi. Tunachezea nati, kwa sababu Assumani ni Mwislamu na amejitolea fatwa mwenyewe kwamba nati si kamari. Anayeishiwa nati ananunulia wengine vinywaji, na Assumani anakunywa Fanta yake kwa amani.

Kwenye poka kuna kitu kinachoitwa blefu. Karata zako ni takataka, lakini unasukuma nati nyingi kwenye sahani ya katikati kama mtu aliyeshika wafalme watatu, ili mwenzako aogope atupe karata zake. Sisi wengine tunapiga blefu kwa moyo. Magloire anapiga kwa kugawanya. Alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa bila kupenda: sahani ikiwa na nati sita, nawe ukaweka sita za kutishia, unahatarisha sita ili upate sita. Chukua unachohatarisha, ukigawanye kwa jumla yake na kile unachokitafuta. Hapo unapata nusu. Basi ikiwa mwenzako hutupa karata zaidi ya nusu ya mara anazotishwa, mtishe. Ikiwa ni chini ya hapo, kaa kimya.

Sura ya mtu haimhusu hata kidogo. Tunacheza na Paluku, mnunuzi wa dhahabu anayekwenda na kurudi Lusangi, ambaye akishika karata nzuri lazima ajikune sikio. Mbuzi wa jirani wanajua hivyo. Magloire anachojua ni kwamba Paluku ametishwa mara kumi na ametupa karata mara saba. Jumapili moja Paluku alijikuna sikio karibu ling'oke, na Prof wetu, asiye na kitu mkononi, akasukuma nati zake sita za mwisho. Paluku akafuata, akafunua malkia watatu, akazoa zote.

Magloire akatabasamu. Alisema amepoteza vizuri, kwamba uamuzi ulikuwa sahihi na matokeo ni jambo lingine. Nilitafuta spana ya kumpiga nayo.

Halafu akampenda Apolline. Huyu ni muuguzi wa kituo cha afya huko Wamaza, alikuwa amekuja Kasongo kwa semina ya chanjo. Mtu mmoja alimleta kwa Assumani, akaonyeshwa mchezo, na kabla ya Fanta ya pili alikuwa amemmaliza Magloire nati zote. Kuanzia siku hiyo mtu ambaye hakuwahi kuhitaji kitu duniani isipokuwa simu yenye chaji akaanza kukonda. Alimpigia kila mahali mtandao ulipopatikana, hata juu ya kichuguu nyuma ya shule. Apolline akamkubali, jambo ambalo mimi mpaka leo silielewi vizuri.

Ikabaki mahari. Tulikwenda Wamaza kwa pikipiki mbili, Magloire nyuma yangu, na mjomba wake Emile, ambaye ndiye msemaji, nyuma ya dereva mwingine. Tope lilitufika magotini. Njia nzima Magloire alinipigia kelele sikioni, na ndipo nikajua ametafiti. Alikuwa amewauliza watu wa Wamaza waliofika sokoni Kasongo: mposaji akisimama katikati ya mazungumzo na kusema anarudi kwao, je, wakwe humtumia mtu wa kumrudisha na kupunguza bei? Aliambiwa habari za waposaji tisa. Saba waliitwa. Kati ya wale wawili walioachwa, mmoja alikuwa amelewa, na mwingine wakwe walikuwa wamemchoka kabla hajafika.

Nilimwambia kwamba hapa si kwa Assumani. Akasema hesabu haijui iko kwa nani.

Baba yake Apolline ni mkulima mnene, mpole, mwenye kikohozi cha kutafutia maneno. Aliomba mbuzi kumi na wawili. Mjomba Emile akasifu mvua, akasifu mihogo, akataja wanane. Mzee akakohoa, akarudia kumi na wawili. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, na kuku alikuwa anakaangwa nyuma ya nyumba, nilimsikia. Hapo Magloire, ambaye kwa desturi hakutakiwa hata kupiga chafya, akasimama. Akasema kwa sauti ya darasani kwamba wao wanarudi Kasongo, akatoka.

Mjomba Emile alifunga macho kama mtu anayemwona mtoto wake akianguka kisimani. Mimi nikamfuata mwendawazimu mpaka kwenye pikipiki.

Tukangoja. Hakuna aliyetoka. Kuku akanukia, kisha harufu yake ikaisha, maana yake wameanza kumla. Magloire alikuwa anaangalia mlango, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akiogopa. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Aliyetoka mwishowe ni Apolline mwenyewe, jambo ambalo bibi-arusi hafanyi. Hakupiga kelele. Alimwuliza amefanya hesabu gani, kwa kuwa alijua mutu huyu hasimami bure.

Na yeye, maskini, akamweleza. Akaokota kijiti akachora kwenye udongo, na hofu ikamtoka, akawa Prof. Anatafuta kupunguza mbuzi wanne. Anahatarisha kumi na wawili. Jumla kumi na sita, na kumi na mbili kwa kumi na sita ni sabini na tano kwa mia. Waposaji saba kati ya tisa ni karibu sabini na nane. Kwa hiyo kusimama kunalipa, kidogo lakini kunalipa. Alimaliza akamtazama kama anayengoja maksi.

Apolline akaweka kidole cha mguu juu ya namba.

"Hii kumi na mbili ni nini?"

"Ni ile ningepoteza."

"Ungepoteza nini?"

Akafungua mdomo. Nikaona neno likimfikia polepole.

"Weye," akasema.

Niliangalia tairi ya pikipiki. Hata mimi niliona aibu, na si mimi niliyemwandika mtoto wa watu kwa mbuzi.

"Futa," Apolline akasema. "Andika ile ya kweli."

Alifuta kwa kiganja. Akashika kijiti. Akaandika mia, akafuta. Akaandika elfu, akagawanya kichwani, akafuta tena. Kila alivyoongeza, sehemu aliyohitaji ilipanda kuelekea mia kwa mia. Jasho lilimtoka. Mwisho akaweka kijiti chini, na sauti yake haikuwa ya darasani tena.

"Hakuna namba mimi naweza kuandika, halafu nisimame."

"Basi rudi ukae," akamwambia.

Akarudi. Alipiga magoti mbele ya wazee, akaomba msamaha. Mzee alimtazama mkwe wake mwenye tope magotini na macho mekundu, akajua kila karata aliyoshika. Akakohoa, akasema sasa ni kumi na watano. Magloire akaitikia kabla mjomba hajameza mate. Mbuzi kumi na watano kwa mshahara wa mwalimu ni miaka, na yeye alikuwa anacheka kama mtu aliyepewa bure.

Apolline akaja kunipa maji nikiwa nasafisha mnyororo. Akaniambia polepole kwamba baba yake alikuwa ameamua kukubali wanane tangu asubuhi, alikuwa anangoja tu watu wamalize kula kuku kwanza.

Nikamwuliza kama atamwambia.

"Bado," akasema. "Acha kwanza anione niko bei kali."