Ufito wa Chambo Kizito

Ganda la mti wa mkole likibanduliwa bichi hutoa harufu ya maji ya mtungi yaliyokaa siku nyingi, na ndani yake harufu nyingine nyembamba, kama ya tango lililokatwa. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya msiba wa mama. Wengine wakikumbuka msiba hukumbuka udi, au moshi wa kuni za kupikia waombolezaji, au udongo uliochimbwa upya. Mimi nakumbuka mkole, kwa sababu katika wiki zile za kati ya mazishi na arobaini baba yangu hakushughulika na jambo lolote nyumbani isipokuwa kuchagua ufito wa kuvulia samaki, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbandulia maganda.

Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli hapa Tabora, na siku zake za mapumziko alikuwa akienda kuvua bwawa la Igombe. Hakuvua perege kwa minyoo na ndoano ndogo kama watu wengine. Yeye alitaka kambare wale wakubwa wenye vichwa bapa wanaokaa mbali na ukingo, na kwa ajili yao alijitengenezea chambo cha bandia: kijiko kikubwa cha kupakulia mchuzi, kilichokatwa mpini, kikajazwa risasi iliyoyeyushwa tumboni na kufungwa ndoano ya makucha matatu mkiani. Kikivutwa majini kilikuwa kikiyumba na kumeta kama samaki mgonjwa. Mama alikuwa akisema kijiko kile kingefaa zaidi kwenye sufuria, maana kilitoka jikoni kwake na hakuombwa. Kilikuwa kizito kweli. Kukirusha mbali kulihitaji ufito wenye nguvu, na baba alikuwa nao mmoja, mweusi, wa kiwandani, alioachiwa na rafiki yake wa kazini alipohamishiwa Kigoma. Aliutundika juu ya mlango wa chumbani na sisi watoto hatukuruhusiwa kuugusa.

Mama alifia hospitali ya Kitete baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mimi, Kalunde, nilikuwa darasa la tatu, na mdogo wangu Masanja alikuwa hajaanza shule. Sasa, sisi ni Wanyamwezi, na tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani, Wazaramo ni watani wetu. Mtani akija msibani haji kulia. Anakuja kuharibu, na ndiyo heshima yake. Mtani wetu alikuwa jirani, Bi Tatu, muuza vitumbua, Mzaramo aliyeolewa Tabora akafiwa na mume na kukataa kurudi kwao. Siku ya pili ya msiba aliingia chumbani kwa baba bila hodi, akatoka amevaa koti la reli, ufito begani. Akakaa juu ya ndoo katikati ya uwanja, akaanza kuzivua kama samaki kanga za wanawake waliokaa mikekani. "Mnyamwezi gani huyu!" alipiga kelele. "Wenzake walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, yeye anabeba kijiko!" Watu walicheka mpaka machozi yakabadilika maana. Hata bibi yangu wa Igunga, mama yake mama, alicheka amejiziba mdomo kwa upande wa kanga. Kisha Bi Tatu akasimama, akarusha kile chambo kwa nguvu zake zote, kikanasa kwenye bati la jikoni. Akavuta. Ufito ukalia kama kuni kavu na kukatika vipande viwili.

Mtani hashitakiwi. Kila mtu alimtazama baba, naye aliinuka kwenye mkeka, akaokota vipande, akavigeuza mkononi. Tangu tulipotoka hospitali alikuwa hajatamka neno. "Umevunjikia kiunoni," alisema, na akarudi kukaa.

Waombolezaji walipotawanyika, baba alipanda baiskeli, kichwa chake kimenyolewa kwa ajili ya msiba, akaelekea porini na panga. Alirudi jioni na fito nne za mkole amezifunga kwenye fremu ya baiskeli. Kesho yake akaleta mianzi. Wiki iliyofuata akaleta mkole mwingine, mwembamba zaidi, na bomba la antena aliloliokota sijui wapi. Zilipangwa kwenye ukuta wa nyuma mpaka wapita njia wakadhani tunajenga. Mimi nilibandua maganda kwa kisu cha jikoni, yeye akapitisha kila ufito juu ya makaa ili mipindo yake inyooke, kisha tukaupima. Nilishika shina kwa mikono miwili, nikiliegemeza kwenye nyonga, naye akaning'iniza kile kijiko kwenye ncha, akarudi nyuma na kutazama kwa jicho moja kama anavyotazama chuma karakanani. Ukiinama kichwa tu, alisema, huo ni wa perege. Usipoinama kabisa, huo ni mpini wa jembe, utakuvunja wewe mabega na chambo kitaanguka miguuni. Ufito wa chambo kizito unatakiwa uiname kichwa na kifua, kiuno kibaki. Na shina liwe refu, la kushikwa kwa mikono miwili, kwa sababu mzigo kama ule haurushwi kwa kiganja, unarushwa kwa mwili mzima. Hayo ndiyo maneno aliyonipa wiki zile. Hakuniuliza kama nimekula.

Baada ya kupima tulikuwa tukijaribu kurusha kwenye uchochoro wa nyuma, ndoano imetolewa. Kijiko kilitakiwa kipite juu ya kamba ya nguo na kufika kwenye ua wa choo cha jirani. Mwanzi wa kwanza ulipinda kama mkia wa ng'ombe, ukakiachia nyuma yetu. Mkole mmoja ulikirusha vizuri mara mbili, mara ya tatu ukapasuka, na ndani tukakuta mdudu amekula moyo wake wote. Kila ulioshindwa, baba aliuweka upande wa kuni, akachukua mwingine. Masanja alikuwa akija kuomba ashike na yeye. Baba alimwambia asogee asije akapigwa, naye alikuwa akisogea mpaka kwenye kizingiti na kukaa pale, akila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kimoja baada ya kingine.

Nikiulizwa nilijisikiaje, jibu ni kwamba sikujisikia. Nilikuwa na ganzi. Ukikalia mguu muda mrefu, ukiugusa unajua ni wako lakini hauna habari nawe. Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima. Kitu kimoja tu nilikitaka. Nilikuwa nimemsikia shangazi yangu wa Lusu akipanga na bibi jikoni kwamba arobaini ikipita kikao cha ukoo kitatugawa: mimi niende Lusu kwa shangazi, Masanja aende Igunga kwa bibi. Mwanamume peke yake, walisema, ataleaje? Mimi na Masanja tulilala godoro moja, na yeye hakupata usingizi bila kushika sikio langu. Nilitaka tubaki wote wawili, na baba, kwenye nyumba ile. Aliyekuwa na uwezo wa kusema hivyo kikaoni ni baba tu, na baba alikuwa akitazama fito. Shangazi alikuwa akipita na ndoo ya maji, anamwona kaka yake amechuchumaa kwenye makaa, na hakujisumbua kupunguza sauti. "Mchagua jembe si mkulima," alisema. Siku nyingine alisema, "Mfiwa mzima anacheza na fimbo kama mchunga mbuzi!" Baba aligeuza ufito juu ya makaa. Mimi nilizidi kubandua, nikiamini kwa akili yangu ya utoto kwamba tukiupata ufito wenyewe kabla ya arobaini, baba atainua uso.

Na tuliupata. Ulikuwa mkole mnyoofu, mwekundu kidogo baada ya kukauka, na kijiko kiliponing'inizwa uliinama pale hasa alipotaka. Uchochoroni kilipita juu ya kamba ya nguo, juu ya ua wa choo, kikatua huko kwa watu na kuku wakapiga kelele. Baba alisema, "Huu." Aliupaka mafuta ya nyonyo na kuulaza darini. Uso wake ulibaki vile vile.

Kikao kilikaa kesho yake baada ya misa ya arobaini, chini ya turubai uwanjani. Kaka mkubwa wa baba ndiye aliyeongoza. Walianza na nguo za mama, zikagawanywa vizuri bila ugomvi, kisha kwa sauti ile ile wakahamia kwetu. Mkubwa Lusu, mdogo Igunga. Baba mkubwa alimgeukia baba akamuuliza kama ana neno. Baba alitazama mikono yake. Baba mkubwa alikuwa ameshafungua mdomo kusema basi tumekubaliana, ndipo Bi Tatu, aliyekuwa akizungusha birika la chai na asiye na nafasi yoyote katika kikao kile isipokuwa ile ya utani, akasimama katikati yao.

"Nyie Wanyamwezi mna mambo! Huyu mwenzenu kijiti kimoja kakichagua msiba mzima. Nyie watoto wawili mmewagawa chai haijapoa!"

Walicheka. Walicheka sana, na katika kicheko kile nilimwona shangazi akiinamisha kichwa. Baba mkubwa alijifuta macho, akasema mtani kasema kweli, hebu mdogo wangu, safari hii useme mwenyewe. Baba aliinua uso. Alinitazama mimi, akamtazama Masanja aliyekuwa amekaa kwenye mguu wa bibi, akatutazama kwa zamu, pole pole, kwa jicho lile lile.

"Mkubwa abaki," alisema. "Mdogo aende na bibi yake."

Nilifurahi. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: furaha ilinipanda mpaka kooni, halafu ikazimika, na ganzi ikarudi mahali pake. Masanja aliuliza, "Na dada?" Bi Tatu alikuwa bado amesimama na birika. Nilimngoja aseme kitu kingine cha kuchekesha, lakini aliliweka chini na kwenda kwake bila kuaga. Keshokutwa tuliwasindikiza stendi. Masanja alipanda basi kwa furaha, kwa sababu hakuwahi kupanda basi, na alinipungia mkono dirishani kama mtu anayekwenda sokoni.

Ufito ule ulikuwa mzuri. Baba alinichukua Igombe, akarusha kile kijiko mbali kuliko nilivyowahi kuona, na tukarudi na kambare ambaye mkia wake uliburuta chini ya baiskeli. Nilimpika mwenyewe, Bi Tatu akanielekeza kukata magimbi ya kutandika chini ndani ya sufuria. Tulikula watu wawili, tukabakiza.

Siku hizi fito za kuvulia zinauzwa madukani mjini, na kwenye shina pameandikwa uzito wa chambo zinachoweza kurusha, hivyo hakuna haja ya mtoto kushika shina na mtu mzima kutazama kwa jicho moja. Nimeziona nikipita, sijawahi kuingia. Nafanya kazi Dodoma, nina nyumba ya kupanga na watoto watatu. Bi Tatu ameshafariki, na msibani kwake nilikwenda kama mtani nikakuta vijana hawajui wacheke au wakasirike. Masanja yuko Igunga, analima mpunga, ana lori moja na anasema la pili liko njiani. Tukionana ananiamkia shikamoo kwa adabu zote, kama mgeni anavyomwamkia mwenye nyumba, na mimi namwitikia marahaba, kisha tunaongea habari za mvua.

Mwaka huu miguu ya baba imekataa, na macho nayo yanaaga. Nilifanya kile nilichofundishwa: niliwaza, nikapanga, nikampigia Masanja simu nikamwambia inabidi tuitishe kikao tuangalie mzee akae kwa nani, na kwa zamu gani. Upande wa pili kulikuwa na kelele za injini. "Kikao cha nini, dada?" alisema. Alikuwa amefika Tabora tangu alfajiri, na saa ile walikuwa wameshaipita Nzega, mzee mbele, amewekewa mto mgongoni. Nilibaki na simu sikioni. Nilimsikia baba, kwa ile sauti yake iliyopungua, akiuliza wanakwenda wapi, na mdogo wangu akimjibu, "Nyumbani, baba."