Kiingereza cha Mwalimu Dorini

Juzi nilikuwa uani nachoma korosho kwenye kipande cha debe, moshi wake ule unaowasha macho na kuganda kwenye kanga, mara nikasikia sauti ya mwanamke inatoka kwenye simu ya mjukuu wangu Rehema. Rehema anasoma Lindi mjini, likizo huja kukaa na mimi, na simu haimtoki mkononi hata akila. Yule wa kwenye simu alikuwa anaongea Kiingereza. Mimi Kiingereza sikijui, zaidi ya kuitikia salamu, lakini nilisimama na kijiti changu mkononi kama mtu aliyeitwa jina. Sauti ilikuwa inapanda na kushuka kama wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja, inavuta hapa, inakata pale, halafu mwisho kicheko cha kutoka tumboni.

"Huyo namjua," nikasema.

"Humjui, Bibi. Huyo Mjamaika. Halafu hicho siyo Kiingereza, ni cha kihuni. Ukikiandika kwenye mtihani umekwisha."

Korosho zikaungua. Nimechoma korosho tangu sijaota meno ya pili, siku hiyo zikaniungulia, sikujali. Nikamwambia kaa chini. Na nyie mnaosoma kaeni, maana mimi nikianza siendi moja kwa moja. Shule niliishia la saba, tena kwa kuburuzwa, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea.

Sisi ni watu wa milimani, Wamatumbi. Tuliteremshwa wakati wa vijiji vya ujamaa, tukajenga bondeni upande wa Kikole, tukachanganyika na watu tuliowakuta. Baba alilalamika kwamba bondeni mbu wanabisha hodi mchana. Mama alifurahi, maji yalikuwa karibu. Mimi nilipelekwa shule, na shule ndiyo iliyonifunga mdomo.

Sababu ni hii. Sisi wa milimani, enzi zile hasa, herufi ile ya "r" haikukaa mdomoni. Kwetu ilikuwa "habali", "balabala", "balua", na nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Siku ya kwanza nilisimama darasani nikasema, "Habali za asubuhi, Mwalimu," darasa zima likaanguka kicheko. Watoto wa bondeni wakanifuata mpaka nyumbani wanaimba habali, habali. Kesho yake nikafunga mdomo. Nikiulizwa naangalia kidole cha mguu. Nilicharazwa kwa kunyamaza na bado nikanyamaza, mpaka Mwalimu Mkuu akamwambia baba kwamba mtoto huyu ni bubu au ni mpumbavu, achague moja, na kama mwaka utaisha hivi nisirudi tena. Baba alisema bora, shambani ndege wanamaliza mavuno, akawawinge.

Mwalimu Mkuu alikuwa Mngoni kutoka Songea, mrefu, amenyooka kama nguzo ya mlango, na kofia ya pama asiyoivua ila akilala. Nisimseme vibaya. Kiingereza chake alikipata kwa misheni kwa fimbo, kosa moja kiboko kimoja, ndiyo maana alikishika kama mtu anavyoshika yai.

Basi, mwaka huo wakaletwa wageni wawili wa kujitolea. Mmoja Mzungu wa kuchimba visima, tukamwita Bwana Piti, mwenye masikio mekundu. Wa pili mwanamke mweusi, mweusi kama mimi, mnene kidogo, nywele amezifunga kitambaa, kaja kufundisha Kiingereza. Alisimama mbele yetu akajigonga kifuani akasema jina lake, na ile "r" yake katikati ikazunguka kama tiara. Dorini. Sisi wa milimani tukasema Dolini, akaitika vilevile.

Wanakijiji waliduwaa. Walizoea kwamba Kiingereza kinakuja na ngozi yake. Mzee mmoja aliuliza mbele yake, "Huyu naye Kiingereza kakitoa wapi, au kapita nacho mahali?"

Sasa ngoja niwaambie jambo la kuchekesha. Bwana Piti alikuwa haeleweki. Alitoka sehemu ya Uingereza yenye milima na kondoo, na maneno yake yalitoka yamekunjwa kama mkeka. Mwalimu Mkuu akimsikiliza alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, hajaambulia kitu, halafu anatugeukia sisi na kusema, "Mnasikia? Hicho ndicho Kiingereza cha wenyewe." Lakini Mwalimu Dorini akifungua mdomo, Mwalimu Mkuu anafumba macho kama kaumwa jino. Alisema ofisini, na ofisi ilikuwa na ukuta wa matete, kila mtu anasikia, kwamba kile ni Kiingereza cha makuli wa bandarini. Bwana Piti mwenyewe alimwambia Dorini kwamba kwao, akienda mji mkubwa, watu wanamcheka anavyoongea. Haya Dorini alinisimulia mimi, siku za mbele.

Maana mimi na yeye tuliungana hivi. Alinikuta nimekaa peke yangu nyuma ya darasa, wenzangu wanacheza, akakaa chini mchangani na gauni lake. Kiswahili alikuwa hana. Alinyoosha kidole kwenye mti, akangoja. Nikanyamaza. Akanyoosha kwenye mguu wake, kwenye kuku, kwenye pama la Mwalimu Mkuu kule mbali, akajifanya analivaa na kutembea amejinyoosha. Nikacheka. Mtu akishacheka mdomo umefunguka. Nikamwambia huu mti, huyu kuku, ile balabala. Kila siku tukawa tunakaa pale, nampa maneno anaweka. Alinisimulia bibi yake aliyemlea kule Jamaika, aliyekuwa anauza ndizi sokoni na kuongea Kiingereza hichohicho cha kupanda na kushuka, na walimu wa kule nao walikuwa wanawapiga watoto kwa kukisema. Alijigonga kifua: "Mimi pia. Mimi wanacheka."

Ikawa basi mgeni anaongea Kiswahili cha Kimatumbi. Asubuhi akipita mstarini anamwambia Mwalimu Mkuu kwa sauti ya juu, "Habali za asubuhi, Mwalimu!" Watoto wa bondeni wakavunjika mbavu, lakini safari hii hawakunicheka mimi. Kwenye vipindi vyake nikawa najibu maswali. Kwa walimu wengine bado nilikuwa bubu.

Ndipo Mwalimu Mkuu akaitisha mkutano wa wazazi. Habari ilikuwa imekwisha kuvuja kupitia yale matete: anataka wazazi wakubali Mwalimu Dorini aondolewe darasani, asimamie bustani, au arudishwe wilayani. Nilijua maana yake kwangu. Akiondoka yeye, mdomo wangu unaondoka naye, na mimi naenda kuwinga ndege.

Mkutano ulikuwa chini ya bati la shule, wanaume kwenye madawati, wanawake kwenye mikeka, sisi watoto madirishani. Mwalimu Mkuu aliongea vizuri sana. Akasema watoto wenu wakijifunza Kiingereza kibovu watachekwa Dar es Salaam na duniani. Akaigiza. Alimwigiza Mwalimu Dorini anavyovuta maneno, mabega yanacheza, na watu wakacheka, hata baba yangu. Dorini alikuwa amekaa palepale mbele, mikono mapajani. Hakuelewa Kiswahili chote, ila kuigizwa hakuhitaji tafsiri.

Bibi yangu mzaa mama, Bibi Mwanaisha, akajikohoza. Huyu bibi msimdhanie mzee wa mawaidha. Alikuwa mbea, mvuta ugoro, mgomvi wa kisimani, na mimi alikuwa akiniita mke mwenza. Akasimama, akabana ugoro kwanza, puani kulia, puani kushoto, watu wote wanangoja.

"Mwalimu, habali."

"Nzuri, Bibi. Shikamoo."

"Malahaba. Wewe Mngoni siyo?"

"Mngoni, Bibi."

"Na sisi Wamatumbi. Tu watani. Ukinicheka nakucheka, ukifa naja kukufagilia uwanja na kukutukana mbele ya wakwe zako. Siyo?"

"Ndivyo, Bibi." Mwalimu Mkuu akaanza kutabasamu, hajui anapelekwa wapi.

"Sasa huyu umemcheka hapa mbele za watu. Huyu ni mtani wako?"

Utani kwetu si mchezo, jamani. Mtani anaweza kukuvua kofia, kukukamatia kuku, kukusema sura yako mbaya, na huruhusiwi kukasirika. Lakini huyohuyo ndiye anayechimba kaburi, anayekatakata kuni za matanga, anayekufanya ucheke siku unayotaka kujitupa kisimani. Kumcheka mtu hivihivi, bila mzigo huo, ni ufedhuli, na Mwalimu Mkuu alilijua hilo kuliko Kiingereza.

"Si mtani, Bibi," akasema. "Ni mgeni tu. Kabila lake halijulikani. Hata yeye halijui, wazee wake walichukuliwa zamani."

"Ehee!" Bibi akapiga makofi. "Walichukuliwa wapi, Ulaya? Si huku huku? Walipita wapi, si pwani hizi hizi? Basi kama hajulikani wa nani, nani kakwambia si wetu? Msikilizeni anavyosema habali! Mngoni gani anasema vile? Huyu ni Mmatumbi, alichelewa njiani tu. Mpaka wenyewe watokee kumdai, ni wetu. Na kama ni wetu, wewe Mngoni ni mtani wake. Mcheke mpaka upasuke. Lakini akifiwa, utafika na jembe?"

Watu walilia kwa kucheka. Mwalimu Mkuu alisimama amenasa. Kukasirika hawezi, anayesema ni mtani wake. Kukataa hawezi, itakuwa kaukataa utani mbele ya kijiji. Akafuta uso kwa leso, akasema, "Haya, Bibi. Nitafika."

Mtu akamweleza Dorini kwa vidole na kwa maneno. Akaelewa. Akainuka taratibu, akaenda mpaka kwa Mwalimu Mkuu, akamvua lile pama, akalivaa. Tukaona upara wa Mwalimu Mkuu kwa mara ya kwanza, unang'aa kama sahani. Hakuna tena aliyezungumza habari za bustani.

Alibaki. Usidhani Mwalimu Mkuu aligeuka malaika. Aliendelea kumwigiza, ila sasa anamwigiza mbele yake, naye Dorini anajibu, anatembea amejinyoosha kama nguzo na kusoma kitabu kwa sauti ya puani, na ofisi ya matete ikawa haipitiki kwa vicheko. Kile Kiingereza kilikuwa kilekile, ila hakikuumiza tena. Nami nikaanza kujibu hata kwa Mwalimu Mkuu. Akinicheka namwambia, "Na wewe, Mngoni," mtoto mdogo vile, na hapigi.

Halafu mwaka mwingine, kipupwe, Dorini akapata habari kwamba bibi yake amefariki kule Jamaika. Aliipata baada ya watu kuwa wamekwisha kuzika, na kwao ni mbali hata kufikiria huwezi. Alijifungia. Bibi Mwanaisha akatandika mkeka nje ya nyumba yake, wanawake wakaja wakakaa, matanga ya mtu ambaye hakuna aliyemwona. Dorini akatoka, akakaa katikati yetu, hana machozi, macho yamekauka.

Mwalimu Mkuu akafika na jembe begani. Kaburi hakuna. Basi akafyeka majani ya uwanja mzima, jasho linamtoka, akapasua kuni, akateka maji mwenyewe, mwanamume wa watu, Mwalimu Mkuu. Alipomaliza akamwomba mama yangu kanga, akajifunga, akaweka mkungu wa ndizi kichwani, akaanza kutembea uwanjani kwa madaha, anauza ndizi. Kwa Kiingereza. Si kile cha yai. Kile cha kupanda na kushuka, cha yule bibi wa sokoni ambaye Dorini hakuchoka kumsimulia hata ofisini, alichokuwa akikisikia kwa Dorini kila siku na kufumba macho. Alikuwa amekishika chote, mvuto kwa mvuto. Alimjia Dorini, akamkaripia kwa kidole kama bibi anavyomkaripia mjukuu.

Dorini akacheka. Akacheka mpaka akaegemea kwenye mapaja ya Bibi Mwanaisha, na hapo katikati ya kicheko ndipo machozi yakatoka.

Haya yote nilimsimulia Rehema, korosho zimekuwa mkaa. Akachezea simu yake, akamrudisha yule mwanamke aseme tena. Halafu akasema, "Bibi, lakini Wajamaika 'r' wanayo. Sikiliza." Nikasikiliza. Kweli ilikuwepo, inazunguka kama tiara. Nikalikumbuka jina alilojitajia siku ya kwanza.

Niseme nini? Miaka yote nilidhani nilimharibia Kiswahili yule mama, nikawa nacheka peke yangu. Sikuwahi kufikiria kwamba ulimi wake haukuwa na shida yoyote. Alikuwa anachagua. Kila asubuhi, mbele ya mstari mzima, alichagua kusema kama mimi, ili kicheko kikija kitukute wawili. Alirudi kwao, sina hakika kama yu hai, na asante yangu sijui niielekeze upande gani wa bahari. Mungu amlipe pale nisipofika.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nawasha moto. Rehema akatoka ndani, macho ya usingizi, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo Bibi. Habali za asubuhi?"

Nikamtazama. Shavu lilikuwa linacheza, anajizuia. Na mjukuu ni mtani wa bibi yake, hilo hata Lindi mjini wanalijua.

"Malahaba," nikasema, nikamwacha acheke. Huyu ndiye atakayenizika.