Chuma cha Ujane

Shaba iliyolowa ina harufu yake, kama damu kidogo iliyochanganyika na tope, na ukiizoea utotoni haikutoki. Ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono ya mama mdogo Salima, mdogo wake mama, aliyenilea huko Matombo zama za Mdachi. Alivaa bangili ya shaba aliyopewa na mumewe Kobelo siku ya harusi, na hakuivua hata akitwanga. Mlio wake kwenye mchi ndio ulioniamsha kila siku. Wanawake wenzake walimtania kwamba Kobelo kamtia pingu, naye akicheka, akisema pingu za namna hiyo na ziongezwe.

Masika moja akida wa Mdachi alipanda na askari kuchukua wanaume wa kubeba mizigo. Baba mdogo Kobelo alikuwamo. Mvua zikaisha, mahindi yakakomaa, wenzake wakarudi wamekonda, wakasema walimwacha njiani anatetemeka kwa homa, hawezi kusimama. Ukoo ukataka kuweka matanga. Mama mdogo akakataa katakata. Alisema hajaona kaburi wala aliyelichimba, na hawezi kumlilia mtu ambaye pengine yuko mahali anaota moto. Mimi nilikuwa upande wake. Kila aliyeonekana anapanda kilima nilimkimbilia nikidhani ni yeye, nikarudi nimenuna.

Kwetu palikuwa na njia ya kumaliza ubishi kama huo. Chini ya kijiji mto ulifanya kidimbwi cheusi chenye kambale wakubwa, na hakuna aliyethubutu kuwala. Mwanamke ambaye mumewe hajulikani alipo alivishwa bangili ya chuma, tuliyoiita chuma cha ujane, kwenye mkono uleule wenye shaba yake ya harusi, kisha akatia mkono majini. Mume akiwa amekufa, kambale watakuja kumgusa. Akiwa hai, maji yatanyamaza. Wazee waliisifu mno njia hiyo, wakisema maji hayana upendeleo. Sikumsikia hata mmoja akiuliza kwa nini hayajapata kunyamaza hata mara moja.

Tulikwenda asubuhi, ukungu haujainuka, nami nimeshika upindo wa kaniki yake. Bibi, mama yake mzazi, akamvisha chuma, kikagonga shaba. Mama mdogo akapiga magoti, akatia mkono hadi kiwikoni. Tukangoja. Maji yakachezacheza, nikaona sharubu, kisha kichwa kipana bapa, kikamgusa kifundo cha mkono taratibu kabisa. Kikaja cha pili. Hakulia. Alisema tu kwa sauti ya chini, "Kobelo, kumbe ni kweli."

Hapo nami nikaacha kungoja. Lakini hofu iliyoniingia pale, masikini mimi, haijanitoka mpaka leo. Sitii mkono kwenye maji nisiyoyaona chini.

Matanga yakawekwa, eda ikaisha, chuma kikavuliwa. Akaja kumposa mkulima mmoja wa Kinole, mtu mpole, wakaoana. Bangili ya shaba akaniachia mimi, maana haifai kuingia nyumba ya mume mpya na kumbukumbu ya marehemu. Mahindi ya mwaka uliofuata yalipokuwa yakibeba, Kobelo akapanda kilima.

Alitembelea fimbo, mguu mmoja anauburura. Watoto walitawanyika, wanawake wakafunga milango, na bibi, mkwewe mwenyewe, akanyunyiza unga kizingitini kama anayetuliza mzimu. Nilimwamkia mimi peke yangu. Alipoambiwa yote hakugomba. Alishuka dimbwini, nami nikamfuata kwa mbali. Akatia mkono, akangoja, akangoja, mpaka akachoka kuinama. Mkono mtupu haulambwi. Akanigeukia, akaniuliza, "Mbona mimi hawaniambii kitu?"

Kinole hakwenda, alisema maji yakimwagika hayazoleki. Aliteremka bondeni, na hatukumsikia tena. Mama mdogo habari zilimfikia, na tangu siku hiyo, nasikia, hakuchota tena maji mtoni. Matombo hakurudi hata kwa msiba wa mama yake.

Leo mimi ndiye bibi, nakaa Mwembesongo, taa inawaka kwa kubonyeza ukuta. Mjukuu wangu Idi anafundisha sayansi. Juzi alileta kambale hai kutoka sokoni, akamtia kwenye karai la maji ya matope, akaazima bangili yangu ajaribie somo lake. Alitia shaba peke yake, kambale akatulia. Akaifunga pamoja na msumari, akatia tena. Kambale akageuka, akaja, sharubu mbele. Akanieleza kwamba shaba na chuma vikigusana ndani ya maji hutoa umeme mdogo mno. Mwili wa kila kiumbe hai nao una umeme, hafifu kuliko huo, na kambale, kama papa wa baharini, ana vitundu kichwani vya kuusikia. Ndivyo anavyopata chakula gizani.

Wazee wale nawakasirikia, halafu nawahurumia, kwani waliona kwa macho yao. Mwisho nikamwuliza Idi, "Na kama mwenye bangili mumewe yu hai, samaki angejua?"

"Angejuaje, bibi?" akacheka, akidhani namtania. "Angekuja vilevile."

Nikamwomba anirudishie bangili yangu. Ilikuwa imelowa, na harufu yake ilikuwa ileile.